Maswali ya Wasomaji: Nauli ya Teksi, Ijue Kabla Hujafungua Mlango

Barua za mwezi huu nyingi zinalalamikia jambo moja: nauli za teksi mjini hazitabiriki. Tunaamini zinatabirika, na anayejua hesabu yake hukosea kwa buku moja au mbili tu. Kwenye mifano ya Dar es Salaam na Nairobi, viwango tulivyotumia ni vya kufanyia hesabu tu, uviondoe na kuweka vya kwenye risiti zako. Vya New York ni viwango rasmi vya jiji hilo.

Naishi Mwenge, ofisi yetu iko Posta. Nikiita teksi mtandao alfajiri nalipa 9,000. Jioni, njia ileile, inafika 12,000 na zaidi. Siku nyingine bei ninayoiona wakati wa kuita siyo ninayolipa nikishuka. Je, naibiwa? – Msomaji, Mwenge

Huibiwi, ndugu yetu. Unalipia foleni, na programu ya simu unayoitia teksi haikwambii hivyo waziwazi.

Nauli ya teksi mtandao hujengwa na vipande vitatu vinavyojumlishwa: nauli ya kuanzia, kiasi cha kila kilomita na kiasi cha kila dakika. Juu yake kuna kima cha chini, yaani hata ukienda mtaa wa pili hutalipa pungufu ya hapo. Watu wengi hukariri kilomita na kusahau dakika, na kwa Dar es Salaam dakika ndizo zinazovunja bajeti.

Tuseme nauli ya kuanzia ni shilingi 1,000, kila kilomita 600 na kila dakika 80. Mwenge hadi Posta ni kama kilomita 10. Alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, unatumia dakika 25. Hapo ni 1,000, jumlisha 6,000 za kilomita, jumlisha 2,000 za dakika, unapata 9,000. Jioni unatoka Posta, unakwama Salenda, unakwama Morocco, Sayansi na Bamaga ndiyo usiseme, unafika Mwenge baada ya dakika 70. Kilomita ni zilezile, ila dakika sasa ni 5,600. Jumla 12,600. Tofauti ya 3,600 yote ni ya kukaa kwenye gari lililosimama.

Viwango halisi vya programu unayoitumia unaweza kuvichimba mwenyewe kwenye risiti zako. Baadhi ya programu huandika mchanganuo. Zisipoandika, tafuta risiti tatu zinazoonyesha kilomita, dakika na jumla: mbili za njia moja kwa saa tofauti, na moja ya safari fupi. Usichukue risiti yenye punguzo wala ya siku ambayo bei ilipandishwa, zitakuharibia hesabu.

Anza na zile mbili za njia moja. Ya kwanza kilomita 10, dakika 25, shilingi 9,000. Ya pili kilomita 10, dakika 70, shilingi 12,600. Kilomita zinalingana, kwa hiyo tofauti ya 3,600 ni ya dakika 45. Gawanya: 80 kwa dakika.

Sasa leta ile fupi, tuseme kilomita 4, dakika 15, shilingi 4,600. Toa pesa ya dakika kwenye kila risiti. Ndefu inabaki 7,000, fupi inabaki 3,400. Tofauti yao ni 3,600 kwa kilomita 6, yaani 600 kwa kilomita. Ukitoa 6,000 za kilomita kwenye ile 7,000 inabaki 1,000, na hiyo ndiyo nauli ya kuanzia. Namba zako hazitakaa sawasawa namna hii kwa sababu programu hukata na kuongeza sehemu ndogondogo, lakini zitakaribia vya kutosha kukupa bei ya safari ambayo hujawahi kuifanya.

Mfano, Mwenge hadi uwanja wa ndege kwa Sam Nujoma, Mandela na Nyerere ni kama kilomita 18. Mchana wa kawaida, dakika 50: 1,000 + 10,800 + 4,000, jumla 15,800. Jioni ikichukua dakika 100 inakuwa 19,800. Kwa hiyo anayewahi ndege ya jioni aandae 20,000, hata kama shangazi yake alilipa 15,000 wiki iliyopita saa 5 asubuhi.

Tahadhari moja: usipende kukariri "bei kwa kilomita". Safari ya kilomita 10 bila foleni hapo juu ni sawa na 900 kwa kilomita. Safari ya kilomita 3 kwa dakika 10 ni 1,000 + 1,800 + 800, yaani 3,600, sawa na 1,200 kwa kilomita. Safari fupi kwa kawaida ina kilomita ghali kwa sababu nauli ya kuanzia haina kilomita za kutosha za kugawanywa. Ndiyo maana kuita teksi mara tatu kwa shughuli tatu za karibu kunauma kuliko kuzunguka zote kwa safari moja yenye vituo.

Kuhusu bei kubadilika ukishuka: bei inayoonekana mwanzoni imetengenezwa kwa njia na muda uliokadiriwa. Itahesabiwa upya ukibadilisha unakokwenda, ukiongeza kituo, ukimsubirisha dereva, au dereva akipita njia ndefu kuliko iliyopangwa. Kosa linalotokea sana na halionekani ni alama ya ramani kukaa upande usio wako wa barabara. Kwenye barabara yenye ukuta katikati kama Mandela au Bagamoyo, alama ikiwa ng'ambo, dereva atatafuta mahali pa kugeuzia mbele huko, na kilomita hizo ni zako. Kabla ya kubonyeza kuita, kuza ramani kwa vidole viwili, sogeza alama hadi mlangoni ulipo. Ukiwa Kariakoo, iweke kwenye kona ya barabara kubwa, utembee hatua chache. Mitaa ya ndani ina njia moja na mikokoteni, utalipia kuzunguka.

Kuna pia ile bei kupandishwa watu wanapoita wengi kwa pamoja. Mvua ikianza kunyesha, au dakika za mwisho kabla ya futari mwezi wa Ramadhani, nauli huzidishwa, kwa mfano mara 1.3. Ile 12,600 yako inakuwa 16,380. Mvua ya ghafla ikipita, madereva hurudi barabarani na bei hushuka, kwa hiyo kama huna haraka subiri robo saa uangalie tena, na ufungue programu ya pili ulinganishe. Mvua ya masika ya kutwa nzima ni habari nyingine, hapo kusubiri hakusaidii.

Dereva anapiga simu: "Unaenda wapi? Unalipa keshi?" Nikimjibu anasema bei ya mtandao ni ndogo, niongeze 3,000 au nighairi. Nifanyeje, na hiyo nyongeza ni halali? – Msomaji, Sinza

Bei mliyokubaliana ni iliyo kwenye programu. Huna wajibu wa kuongeza. Lakini ni vizuri uone hesabu anayoiona yeye, maana itakusaidia kujua lini ombi lake lina msingi na lini anakubahatisha.

Chukua safari ya 9,000. Kamisheni ya kampuni ikiwa asilimia 20, zinaondoka 1,800, anabaki na 7,200. Alikuja kukuchukua akitokea kilomita 4, kisha akakupeleka kilomita 10, jumla 14. Toyota IST yenye afya mjini inakwenda kama kilomita 12 kwa lita. Kwa petroli ya 3,000 kwa lita, hiyo safari imekunywa 3,500. Amebaki na 3,700, na kama gari si lake, humo ndimo anamotoa hesabu ya bosi ya siku. Akija kutoka kilomita 8 badala ya 4, anabaki na 2,700. Huyo wa mbali ndiye atakayekupigia simu.

Kamisheni hii imeshazua mvutano mkubwa nchini. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania mwezi Aprili, ikarejea Januari 2023 masharti yaliporekebishwa. Kenya nako, kanuni za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18. Kwa abiria maana yake ni moja: asilimia ikipanda, simu za "ongeza kidogo" nazo zinapanda.

Sasa la kufanya. Ukikataa, mwambie yeye ndiye aghairi, kwa sababu wewe ukighairi baada ya dakika kadhaa unaweza kutozwa. Akikaa kimya bila kughairi huku gari halisogei kwenye ramani, ghairi na uchague sababu ya "dereva ameomba pesa zaidi", kisha dai urejeshewe tozo kupitia sehemu ya msaada. Ukiamua kuongeza, kwa kuwa ni usiku au umechelewa, taja kiasi kabla ya kupanda na umalizane hapo. Usikubali kamwe pendekezo la "zima mtandao tuelewane". Safari ikifungwa, hakuna rekodi ya gari, dereva wala njia, na simu yako ikisahaulika kwenye kiti huna pa kuanzia.

Swali la keshi lina sababu pia. Pesa ya kadi hupitia kampuni na kumfikia dereva baadaye, yeye anataka mafuta sasa hivi. Ukisema mapema kwamba una keshi na chenji ya kutosha, simu nyingi huishia hapo. Ukilipa kwa simu, uliza kama ana lipa namba. Ukituma kwenye namba ya kawaida, makato ya kutuma ni yako, na kwenye safari ya 4,000 yanaonekana.

Nitafika Stendi ya Magufuli na basi kutoka Mwanza, nina mabegi mawili na gunia la mchele, naelekea Temeke. Sitaki kupigwa bei. Nianzie wapi? – Mama wa Temeke

Anzia ndani ya basi, mama, kabla hujafika Mbezi Luis. Fungua programu yoyote ya teksi mtandao, weka stendi na Temeke, soma bei bila kuita. Hiyo ndiyo fimbo yako. Simu ikiwa haina intaneti, fanya kwa kichwa: ni kama kilomita 25. Kwa viwango vyetu vya mfano na saa nzima barabarani, 1,000 + 15,000 + 4,800, unapata 20,800.

Dereva wa kijiweni atakutajia zaidi, na si yote ni ujanja. Huenda akarudi mtupu, na amepanga foleni saa mbili kumpata abiria mmoja. Kuongeza robo juu ya bei ya mtandao ni haki, yaani 26,000 hivi. Ukitajiwa 45,000, usikasirike. Taja 20,000 kwa upole, kisha uongeze taratibu. Akishuka hadi 27,000 mmeelewana. Akigoma kwenye 35,000, mwache, wapo wengine.

Kinachowaponza wengi ni mambo yaliyoachwa bila kusemwa. Bei uliyopewa iwe ya gari zima, si ya kichwa. Iwe pamoja na gunia, kwa hiyo mwonyeshe gunia lenyewe kabla ya kutaja bei, asije kusema "hukuniambia kuna mzigo". Uliza kama kuna malipo ya maegesho ya kutokea na nani anayalipa. Kama ungekuwa unakwenda Kigamboni, ungeuliza pia tozo ya Daraja la Nyerere imo au haimo. Mpagazi aliyebeba gunia hadi kwenye gari analipwa kivyake, na bei yake inapatanwa kabla hajalinyanyua. Hapa hasa ndipo wageni huumia, maana gunia likishakuwa begani kwa mtu huna nguvu ya kupatana.

Angalia namba ya gari. Gari la biashara Tanzania Bara lina kibao cheupe, la binafsi lina cha njano. Ukipelekwa kwenye gari la kibao cha njano lililoegeshwa pembeni, hapo hakuna leseni ya kubeba abiria, na bima yake haikukusudiwa kukulinda wewe. Piga picha ya kibao, mtumie mtu wa nyumbani, kisha panda nyuma.

Mshahara unaisha kwa teksi. Naishi kilomita 4 ndani kutoka Kimara, kazi Posta. Asubuhi napanda mwendokasi, lakini siku kama nane kwa mwezi natoka usiku na kuita teksi hadi nyumbani. Nitengeje bajeti? – Kijana wa Kimara

Tenga kwa aina ya safari, usitenge kwa jumla. Ukisema "mwezi huu teksi 150,000" bila kujua zinakwenda wapi, zitaisha tarehe 17.

Andika safari zako zinazojirudia. Kwa kila moja panga risiti kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Usichukue ndogo kuliko zote, hiyo ni ya siku ya bahati au ya punguzo. Wastani nao unaweza kukudanganya kama kuna siku moja ya mvua uliyolipa mara mbili.

Kwako wewe, Posta hadi nyumbani ni kama kilomita 19. Kwa dakika 80 na viwango vya mfano: 1,000 + 11,400 + 6,400, yaani 18,800. Mara nane ni 150,400. Tuseme sokoni Jumamosi unakwenda na kurudi kwa 4,600 kila upande, kwa wiki nne ni 36,800. Dharura moja, hospitali usiku, 16,000. Jumla 203,200. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya mvua na bei kupanda, unafika kwenye 234,000 hivi. Hiyo ndiyo gharama yako ya kweli, hata kama hujawahi kuiandika.

Pa kupunguzia panaonekana wazi. Njia unayoilipia ghali, kutoka mjini hadi Kimara, ndiyo njia ambayo mwendokasi una barabara yake peke yake. Usiku mabasi yakiwa bado yanatembea, panda hadi Kimara, kisha ita teksi kwa zile kilomita 4 tu. Teksi 4,600 na nauli ya basi, weka 6,000 kwa safari. Mara nane ni 48,000. Bajeti nzima pamoja na sokoni, dharura na asilimia 15 inashuka hadi kama 116,000. Nusu ya pesa imebaki, na bado usiku hutembei kwa miguu, jambo ambalo hatutakushauri kulibana kwa ajili ya kuokoa pesa.

Pesa hiyo ihamishie kwenye laini ya pili siku ya mshahara, na teksi zote zilipwe kutoka hapo. Salio ndilo litakalokwambia ulipofika mwezi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na wiki za Desemba kabla ya sikukuu, ile asilimia 15 ifanye 25. Fuatilia pia tangazo la EWURA, mamlaka ya nishati na maji, la bei kikomo za mafuta, ambalo hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Programu hazibadilishi viwango siku hiyohiyo, ila madereva wa kijiweni na wa bajaji hubadilisha jioni yake.

Tuna harusi. Tukodi gari la kuwazungusha wazee siku nzima au tuite kwa kila safari? – Kamati, Temeke

Hesabuni safari na muda wa kusubiri. Teksi ya kuita kila mara ina faida kama kuna safari mbili au tatu zilizoachana kwa saa nyingi. Zikifika tano, au wazee wakihitaji gari lisimame nje ya ukumbi, kukodi kwa siku huwa nafuu. Mkikodi, yaandikeni haya kwenye ujumbe wa simu mtakaomtumia dereva: saa ya kuanza na ya kumaliza, mafuta ni ya nani, chakula cha dereva, na kila saa itakayozidi inalipwa kiasi gani. Harusi haiishi kwa wakati. Wekeni saa mbili za ziada kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hamjambo wahariri. Nikitoka Westlands kwenda uwanja wa ndege wa JKIA dereva huniuliza, "Tupite juu ama chini?" Nikisema juu, nalipa na ada ya Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Ni wakati gani inafaa? – Msomaji, Nairobi

Ada ya Nairobi Expressway hulipwa na abiria, juu ya nauli, na hutegemea mlipoingilia na mlipotokea. Barabara hiyo ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na tangu hapo swali hili ni la kila siku.

Gawanya ada kwa bei ya dakika ya programu yako. Ada ikiwa shilingi 300 na dakika moja ni shilingi 4, jibu ni 75. Maana yake, ili ada ijilipe yenyewe, kupita juu lazima kukuokolee dakika 75. Mara nyingi haitafika huko. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unaokoa pesa, unanunua muda. Ukiwa na ndege ya jioni siku ya Ijumaa na mvua imeanza, huo muda una thamani kuliko ada. Jumapili asubuhi, Uhuru Highway na Mombasa Road zikiwa tupu, pita chini na uweke shilingi zako mfukoni.

Mwambie dereva uamuzi wako kabla hamjafika kwenye mlango wa kuingilia, maana ukishapita huwezi kurudi nyuma. Uliza ada ataiingiza kwenye programu au utampa mkononi. Wapo wanaofanya yote mawili bila kukusudia, na abiria hugundua kesho yake.

Bei za mafuta za EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Safari ya kupatana ya mwisho wa mwezi, usiipange kwa bei uliyolipa tarehe 10.

Natumwa na ofisi kwenye mkutano New York, hoteli iko karibu na Umoja wa Mataifa. Nimeambiwa teksi ya njano kutoka JFK ni dola 70 tu. Niombe ofisini dola ngapi? – Mtumishi, Dodoma

Omba 100 za kutoka uwanja wa ndege, na zisipungue. Hizo 70 ni nauli ya mkupuo, yaani bei moja isiyofuata umbali, kati ya JFK na Manhattan, iliyoanza Desemba 2022, lakini juu yake kuna nyongeza zinazoandikwa kwenye mita moja moja: senti 50 za jimbo, dola 1 ya uboreshaji wa huduma, dola 1.75 za kuchukuliwa uwanjani, dola 2.50 kwa kufika kusini ya mtaa wa 96, na tangu Januari 2025 senti 75 kwa kuingia kusini ya mtaa wa 60, ambako ndiko hoteli yako iliko. Hapo umeshafika 76.50. Dereva akipita kwenye handaki la Queens-Midtown kuna ada ya kama dola 7, inayoongezwa kwako: 83.50. Bahashishi huko si hiari kwa maana tuliyoizoea, watu huweka asilimia 15 hadi 20. Kwa asilimia 20 inafika dola 100.

Ukitua siku ya kazi na kupanda teksi kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, kuna dola 5 zaidi. Hapo andika 107.

Safari za ndani ya jiji zinakwenda kwa mita, na mita yao haihesabu kama programu zetu. Huanza na dola 3, kisha huongeza senti 70 kwa kila sehemu ya tano ya maili gari likiwa linakwenda, au senti 70 kwa kila dakika likiwa limesimama au linatambaa chini ya maili 12 kwa saa. Ni moja au nyingine, haijumlishi zote mbili kwa wakati mmoja. Chukua safari ya maili 2: maili moja gari limekwenda vizuri, ni 3.50, na maili moja ya foleni ya dakika 10, ni 7.00. Ukiweka na zile 3 za kuanzia unapata 13.50. Nyongeza za hapo ni 4.75 (senti 50, dola 1, 2.50 na senti 75), jumla 18.25, na bahashishi ya asilimia 20 inakufikisha karibu 22. Usiku, saa 2 hadi saa 12 asubuhi, ongeza dola 1. Siku za kazi jioni, saa 10 hadi saa 2, ongeza 2.50.

Kwa mkutano wa siku tano, safari mbili za namna hiyo kwa siku ni dola 220. Ukiweka na uwanja wa ndege kwenda na kurudi, 200, ombi lako ni dola 420, na ukilipandisha hadi 450 kwa ajili ya jioni za foleni hakuna mhasibu mwenye haki ya kukukatalia. Teksi za njano zinapokea kadi. Chukua risiti iliyochapwa kila safari. Ina namba ya gari, saa, maili na kila nyongeza kivyake, na ndiyo mhasibu atakayoitaka ukirudi Dodoma.